Chozi, kamera na ua wa kayaba: kupiga picha ndege wadogo Kitale na Bungoma

Mpige picha chozi saa saba mchana mjini Kitale, utapata ndege mweusi. Kamera iwe ya bei gani, lenzi iwe ndefu kiasi gani, utatoka na kivuli chenye mdomo uliopinda. Mrudie ndege huyo huyo saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, na kichwa kitawaka kijani na kifua kitageuka zambarau.

Sababu iko ndani ya manyoya. Kijani na zambarau ya chozi hutokana na chembe ndogo mno za melanini zilizopangwa safu kwa safu, ambazo hurudisha mwanga wa rangi fulani kwa pembe fulani. Ukikosea pembe hazikurudishii kitu, na melanini yenyewe ni nyeusi. Njano ya tumboni ni rangi halisi iliyomo kwenye unyoya, kwa hiyo huonekana njano asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo maana picha nyingi za chozi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huonyesha ndege mweusi mwenye tumbo la njano, huku aliyeipiga akilaumu simu yake.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wa huku wanaotaka kuanza kupiga picha za ndege huuliza kwanza habari ya kamera: ninunue ipi, na ni shilingi ngapi? Mimi naona kamera ije baadaye. Kinachotangulia ni mwanga na umbali, na hivyo vyote viwili utavipata nyuma ya nyumba yako kwa urahisi kuliko utakavyovipata mbugani.

Tuanze na mwanga. Kitale iko nyuzi moja hivi kaskazini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, ila upande wa mashariki kuna milima ya Cherangani, na asubuhi nyingi miale hufika uani ikiwa imechelewa kidogo na imelainika. Kuanzia hapo una saa mbili, pengine mbili na nusu. Saa nne ikishapita jua limepanda, na kivuli cha mdomo kinaangukia kifua na kukigawa. Jioni ingekuwa nafasi ya pili, lakini katika miezi ya mvua mawingu hujikusanya juu ya Elgon baada ya chakula cha mchana na mvua hushuka alasiri. Mpiga picha wa Trans Nzoia hana budi kuwa mtu wa asubuhi.

Mawingu mepesi, hata hivyo, yana faida yake. Kuna ndege weusi wenye tumbo jeupe, mathalani mbwigu anayekaa juu ya nguzo ya stima akivizia panzi, ambao jua kali huwaharibia picha: weupe unaungua na weusi unafunga. Siku ya wingu jembamba ndiyo siku yao.

Umbali una hesabu yake, na hesabu hiyo inaumiza. Chukua lenzi ya milimita 400, ambayo kwa watu wengi ni ndoto, uifunge kwenye kamera yenye kihisi kikubwa. Chozi wa sentimita 10 akiwa mita tano kutoka kwako atachukua kama robo tu ya upana wa picha. Akiwa mita kumi atakuwa sehemu moja ya nane, na picha ukiikata ili umkuze, manyoya yanageuka uji. Hakuna pesa inayoondoa tatizo hilo. Linaondolewa kwa kumfanya ndege aje karibu kwa hiari yake, na ndege mdogo huja karibu na watu aliowazoea.

Hapo ndipo ua wa nyumbani unapoishinda mbuga. Barabara ya Kapenguria ina Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majimaji. Ni kilomita za mraba tatu hivi tu, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, na ina njia za mbao zinazopita juu ya matope na ndege wa kila namna. Nendeni, ni mahali pazuri. Lakini ndege wa pale wako juu mitini na hawakujui. Shore aliyezaliwa kwenye ua wenu wa kayaba ameshazoea sufuria zikioshwa, kuku wakifukuzwa, watoto wakigombana. Kwake wewe ni sehemu ya mazingira. Ukikaa kwenye kigoda bila kujitikisa, mgongo ukiwa ukutani, atashuka mita tatu kutoka kwako kuokota kipande cha papai.

Mita tatu zinatosha hata kwa lenzi ya kawaida ya milimita 300 iliyonunuliwa mtumba. Dirisha la jikoni likifunguliwa na pazia likashushwa nusu, una kibanda cha kujifichia ambacho hakikugharimu kitu. Mwenye simu pekee naye hajaachwa. Simu iwekwe kwenye kishikio karibu na bakuli la maji, hatua moja tu, kisha mtu aingie ndani na kupiga kwa ile rimoti ndogo ya bluetooth inayouzwa pamoja na vijiti vya selfi. Ndege huichunguza simu kwanza, kisha huisahau. Picha za namna hiyo nimeziona zikichapishwa kwenye kalenda, na ambaye hakuambiwa hawezi kujua zimepigwa kwa simu.

Mengine ya mitambo ni machache. Ndege aliyetulia anaimba humtosha kasi ya sehemu moja ya 250 ya sekunde. Anayerukaruka anahitaji 1/1000, na anayepaa 1/2000 au zaidi. Lenga jicho. Jicho likiwa kali picha imepona, hata mkia ukififia. Piga kutoka kimo cha ndege mwenyewe, maana ukimtazama kutoka juu unapata mgongo na majani. Na weka kitawi cha kutua mbali na kilicho nyuma yake, mita tano au sita. Hapa Trans Nzoia ina bahati ambayo wapiga picha wa Nairobi wangeilipia: shamba la mahindi. Mwezi wa Julai mahindi yaliyo mbali na lenzi huwa pazia la kijani lisilo na doa, na Novemba, yakisubiri kuvunwa, huwa pazia la dhahabu. Ndege yuleyule, kitawi kilekile, picha mbili tofauti kabisa.

Lakini ndege atakuja kufanya nini katika ua uliofyekwa ukabaki nyasi fupi na waya? Hili ndilo jambo ninalotaka lisikike kuliko habari yote ya lenzi. Picha ya ndege mdogo huanza kwa kupanda. Mishubiri iliyochanua nyekundu huita machozi siku nzima. Vivyo hivyo maua ya rangi ya chungwa ya grevilia, ambayo watu wameipanda mipakani kwa ajili ya kuni na mbao bila kufikiria ndege. Mgomba ukitoa ua, kaa karibu nao, kwa kuwa chozi hunyonya humo. Mrembe, ule mti wa maua mekundu ambao katika nchi ya Waluhya una heshima yake, huchanua ukiwa hauna majani, na ndege anayetua hapo hana pa kujificha. Lusiola hutoa maua ya njano na hukua haraka. Ni mti wa kwetu na haushindani vibaya na mazao. Mpera na mpapai ni ya shore, kuzumburu na wengine wala matunda. Mabua machache ya mtama na wimbi yaliyoachwa pembeni bila kuvunwa ni ya chiriku na vile vindege vya buluu vyenye mashavu mekundu ambavyo hutembea viwili viwili hadi mlangoni.

Ua wenyewe usikatwe ukawa kiwambo. Kayaba yenye miiba, lantana na tithonia zilizoachwa zinene kidogo ni mahali pa kulala, pa kukimbilia kipanga anapopita, na pa kujenga.

Kuanzia Desemba hadi mvua za Machi, maji hushinda chakula. Bakuli pana lenye kina cha vidole viwili, jiwe katikati, na juu yake mtungi wa plastiki uliotobolewa kwa sindano ili udondoshe tone baada ya tone. Sauti ya tone ndiyo inayowaita. Bakuli lisuguliwe kila baada ya siku mbili tatu, kwa sababu maji machafu hueneza magonjwa kutoka ndege mmoja hadi mwingine, na hapo utakuwa umewaita ili uwadhuru. Wengine huweka maji ya sukari kwa ajili ya chozi. Sipendi sana njia hiyo. Ua hai linampa nekta pamoja na buibui na wadudu wadogo, na wadudu hao ndio chakula cha vifaranga wake.

Tushuke sasa Bungoma. Kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye barabara inashuka taratibu, na ukifika Bungoma mjini uko kwenye mita 1,400 hivi. Mita mia tano si nyingi kwa mtu aliye ndani ya matatu, ila kwa ndege ni nchi nyingine. Kitale una chozi mkubwa wa rangi ya shaba, dume lake likiwa na mkia mrefu, ndege wa nyanda za juu. Bungoma unaingia katika bonde la Ziwa Victoria, na ndege wanaanza kufanana na wa Uganda. Utamwona zuwakulu mwenye kifua chekundu na mdomo mnene wenye meno pembeni, akitoboa papai. Ndani ya lantana utasikia dume na jike wakijibizana kwa haraka hadi udhani ni ndege mmoja, halafu atokeze mgongo mweusi, tumbo jekundu lisilo na mfano, na macho ya njano. Huyo anaitwa gonoleki kichwa-cheusi katika vitabu vya wataalamu, na katika Kenya nzima makazi yake ni huku magharibi. Watu wa Pwani na Nairobi hulipa mafuta ya gari kuja kumtafuta. Mkazi wa Bungoma anaweza kumpata akitoka kuoga.

Hata yule chozi wa tumbo la njano ana habari ya mpaka. Kaskazini na mashariki ya Kenya tumbo lake ni jeupe. Huku kwetu ni njano. Ukivuka kuelekea nyanda za juu za Uganda na mashariki ya Kongo linakuwa la chungwa. Ni aina moja ya ndege katika mavazi matatu. Picha iliyopigwa vizuri kutoka Malaba au Kapsokwony, yenye tarehe na mahali, inaweza kumwambia mtafiti jambo ambalo hawezi kulijua akiwa ofisini.

Zamani habari hizo zilikusanywa kwa bunduki. Frederick Jackson alipovuka Elgon mwaka 1890 alikuwa anakusanya ngozi za ndege, na baadhi ya aina za mlima huo zilijulikana kwa sayansi ya Ulaya kupitia ngozi hizo. Hapo Kitale, Kanali Hugh Stoneham aliweka tangu 1926 mkusanyiko wake wa wadudu, wanyama na vitabu, na mali hiyo ndiyo iliyozaa Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa 1974. Nyuma ya jengo kuna njia inayopita kwenye kipande cha msitu wa asili kando ya mto, mahali pa kufanyia mazoezi ya kamera siku ambayo uani kumetulia.

Nasi tulikuwa na njia zetu za kumjua ndege. Wavulana wa Bungoma wamekua na manati shingoni na ulimbo mfukoni. Wazee walitega isindu, yaani tombo: vikapu vyenye tombo waliofugwa hutundikwa juu ya mti mrefu, waimbe alfajiri, wawaite wenzao wa porini washuke kwenye mitego iliyofichwa nyasini. Ulikuwa ufundi wa kweli. Mtegaji alijua mlio, saa, msimu na njia ya ndege kuliko watu wengi wenye kamera leo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kukamata ndege wa mwituni bila kibali, na mimi naiunga mkono; ila ujuzi ule usizikwe pamoja na wenyewe. Mwenye babu aliyetega isindu akae naye kabla ya kununua lenzi. Atajifunza kusubiri, na hilo ndilo somo gumu zaidi katika kazi hii.

Picha ikishapatikana, isibaki kwenye simu. Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha atlasi ya ndege wa Kenya iliyogawa nchi katika miraba ya kilomita kama 55 kwa 55. Tangu 2013 mradi wa Kenya Bird Map unaifanya kazi hiyo upya kwa miraba midogo ya kilomita kama tisa kwa tisa, na wanaoijaza ni raia wa kawaida wanaoandika ndege waliowaona, wapi na lini. Kwa mraba mdogo hivyo, mtu wa Chwele au Kimilili anayeandika orodha ya uani kwake kila wiki ana mchango mkubwa kuliko mgeni anayepita mara moja na darubini ya bei ghali. Picha zenyewe hupokelewa kwenye eBird na iNaturalist, na mtu mwingine huzihakiki. Ukimpiga ndege usiyemjua, mpate ubavuni, mdomo, bawa na mkia vikionekana. Kwera jike, kwa mfano, wanafanana mno, na picha ya kifua peke yake haisaidii mtu.

Kuna wageni pia wanaostahili kuangaliwa. Kuanzia Oktoba, ndani ya grevilia zetu huingia kindege chembamba cha kijani kilichochujuka, uzito wake gramu kumi hivi, kisicho na cha kujivunia machoni. Kimezaliwa Ulaya au Siberia na kitarudi huko Machi au Aprili. Wapiga picha wengi hukiruka kwa sababu hakina rangi. Mimi ningemwambia anayeanza akitafute hichohicho.

Msimu wa mvua ni wa fumbwe, dume mweusi kwa mweupe mwenye mkia unaozidi mwili, akicheza hewani juu ya jike. Jike huyo hajengi. Hutaga katika kiota cha ndege wengine wadogo na kuwaachia malezi. Hapa nitoe onyo. Kiota kikionekana, kamera irudi nyuma. Usikate tawi ili upate mwanga, usivute jani, usisimame hapo nusu saa. Tiva, dudumizi na kozi wa vifaranga wanatazama unakotazama, na kiota ulichokifungua kwa ajili ya picha moja huwa kitupu siku inayofuata. Vilevile usicheze sauti ya ndege kwenye simu tena na tena ili dume atokeze. Yeye anadhani kuna mvamizi, na anaacha kulisha.

Majirani nao wana haki yao. Lenzi ndefu ikielekezwa ukutani kwa mtu huzua maneno, hasa kwenye ploti za kupanga. Pita kwanza, sabahini, eleza unachofanya, onyesha picha. Mara nyingi jirani ndiye atakayekuja kukuita wiki ijayo kwamba kwake kuna ndege mwekundu.

Tishio kubwa la picha hizi haliko kwenye kamera wala kwenye manati. Liko kwenye pampu ya kunyunyizia dawa. Kwenye mpunga wa Bunyala, kaunti jirani ya Busia, mtafiti Martin Odino alionyesha jinsi kaboforani, sumu iliyouzwa kwa jina la Furadan, ilivyotumiwa kuua ndege wa kuliwa na watu. Uani hatufiki huko, lakini sukuma wiki inayopigwa dawa kila wiki haina viwavi, na bila viwavi wala buibui, kwera na chozi hawana cha kuwapa vifaranga. Hata wengi wa ndege wanaokula mbegu mwaka mzima hulisha watoto wao wadudu. Ukiona ua wako umenyamaza, angalia kwanza stoo yako ya dawa.

Mvua zinazofuata zikianza, panda mishubiri mitano na mrembe mmoja, acha upande mmoja wa kayaba unenepe, na pumzisha pampu kwenye kitalu kilicho karibu na ua. Halafu amka mapema, kaa jua likiwa mgongoni, piga, andika tarehe na jina la kijiji, na upeleke orodha yako Kenya Bird Map. Miraba mingi ya Trans Nzoia na Bungoma inawasubiri watu wanaoishi humo.